Kiwiko cha Mjomba

Mbotela, Nairobi
17 Julai 1994

Dada yangu mpendwa Nafuna,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji Nalianya na kwa wote walio nyumbani mwako. Natumaini barua hii itawakuta mkiwa na afya njema. Sisi hapa tu wazima, isipokuwa mkono wangu wa kulia, na ndiyo sababu mwandiko unaouona ni wa wifi yako Muhonja. Mimi nasema, yeye anaandika, na neno moja nililosema juu yako amekataa katakata kuliandika.

Nimesikia unayoyasema huko Kimilili. Eti nasingizia kiwiko ili nisije Agosti kumchinjia mpwa wangu ng'ombe na kumvika luliki, ile nyama ya kidari, shingoni kabla hajatahiriwa. Eti Nairobi imenilewesha nikasahau kazi ya mjomba. Maneno hayo yameniuma kuliko mkono wenyewe.

Unajua kazi yangu kwenye bucha ya Njogu pale soko la Burma. Kutwa nzima ni shoka na gogo, kupasua mifupa ya supu. Maumivu yalianza mwaka jana upande wa nje wa kiwiko, kidogo kidogo, mpaka nikawa siwezi kukamua kitambaa. Wewe uliandika kwamba nimerogwa. Majirani wakanipeleka kwa mzee mmoja anayevuta viungo, akauvuta mkono kana kwamba umeteguka, nikatoka pale nikilia mchana kweupe, mtu mzima na ndevu zangu.

Mwishowe Muhonja akanipeleka kwa daktari Nzomo, karibu na Makadara. Huyo ni daktari wa uti wa mgongo na viungo. Hadungi sindano, anatibu kwa mikono. Alianzia shingoni, maana alisema mshipa wa fahamu ukibanwa huko, maumivu husikika mkononi. Akauliza kama nilianguka. Akasema si hayo, wala si uchawi. Ni kano za kiwiko zimechakaa kwa kupiga shoka bila kupumzika, na mafundi seremala na waashi humwendea na ugonjwa huo huo. Akaninyoosha kiwiko na kifundo cha mkono taratibu, akanifundisha mazoezi, akaniamuru nisishike shoka mpaka yeye aseme. Njogu alikubali nikae kwenye mizani. Nikaanza kupata usingizi, Nafuna. Nikaanza kuinua kikombe cha chai bila kusaidiwa.

Ndipo ikaja barua yako ya Februari. Ulisema wajomba wa watoto wengine wameshatafuta ng'ombe, kwamba mnachekwa kisimani, na kwamba heri mwanao angezaliwa bila mjomba. Nikakujibu kwamba nimepona na ng'ombe atapatikana.

Sikuwa nimepona. Kesho yake nilirudi kwenye gogo, na jioni nikawa nakata nyama kwa ujira kwenye banda la jirani la nyama choma, bila kumwambia daktari. Yule fahali mwekundu aliyefungwa kwa binamu yetu Wekulo, fahali ambaye nasikia unamsifu mpaka kanisani, nimempata hivyo. Sasa vidole vyangu havishiki kisu. Niliporudi kwa Nzomo aliupapasa mkono, akaniuliza nilifanya nini. Alinituma hospitali, na huko wamesema hautarudi kuwa ule wa zamani. Njogu ameshaajiri mtu mwingine.

Nina hasira nawe, dada, na sitaki kuificha. Hukuniuliza hata mara moja mkono unaendeleaje. Uliuliza ng'ombe.

Basi Wekulo ndiye atakayechinja. Mimi nitakuja, na luliki nitamvika mtoto kwa mkono wa kushoto. Najua wazee watanung'unika, na najua watakutazama wewe. Wakikuuliza, usiseme nimeleweshwa na Nairobi. Waambie ule wa kulia ndio ulionunua ng'ombe.

Msalimie mwanao, umwambie asiogope. Muhonja anawasalimu nyote, na watoto pia. Mungu awalinde hadi tutakapoonana.

Ni mimi ndugu yako wa tumbo moja,
Lusweti