Injini Haikupasuka

Likoni, Jumatatu, 3 Machi 1947

Nashikilia hivi, na nitashikilia mbele ya yeyote: injini ya gari ya ami haikupasuka, na Hamisi hakuiua.

Naandika baada ya chai, kabla mikono haijachafuka tena. Gari iko uani tangu Jumamosi. Ikienda maili nne, maji yamekwisha na mvuke watoka. Jana barazani, baada ya sala ya alasiri, Fundi Athmani alipaza sauti ili asibaki asiyesikia: injini imepasuka, na aliyeipasua ni dereva, kwa kuiendesha bila maji. Ami Seif, mwenye gari, akasema Ijumaa atamwachisha Hamisi kazi, na gari atamuuzia Fundi kwa bei ya chuma chakavu.

Hamisi amechukua abiria kati ya kivukoni na Kwale miaka kumi na minne. Dereva aliyeambiwa ameua injini hapewi nyingine pwani hii.  Hamisi alikuwa akiikunja na kuikunjua kofia yake. Nilimkasirikia Fundi, kisha nikamkasirikia Hamisi kwa kunyamaza.

Nikajibu mimi. Nikasema ni rejeta, imetoboka. Fundi akacheka, akikidhihaki cheti changu cha chuoni: "Bwana Cheti, gari haisomwi, hufunguliwa." Watu wakacheka naye. Sikupendezwa hata kidogo.

Jumanne, 4 Machi

Oili safi. Nimechomoa kijiti cha kupimia oili mara tatu, nikafuta, nikatazama. Lau injini ingepasuka, maji yangeingia humo na oili ingegeuka nyeupe kama tui. Haikugeuka. Tena nimeiwasha na kifuniko cha rejeta kikiwa wazi: hakuna mapovu. Hoja mbili, na zote mbili zamkana Fundi.

Basi ni rejeta. Nimeifungua asubuhi nzima, nikaiziba midomo, nikaizamisha katika karai la kufulia, nikaisukumia hewa kwa pampu ya baiskeli. Povu hata moja halikutoka. Rejeta ni nzima.

Nimekosea. Nililitamka lile la rejeta mbele ya baraza nzima, nami sikuwa nimegusa hata skrubu. Nilichomtuhumu Fundi, yaani kuhukumu kabla ya kutazama, nimekifanya mwenyewe. Naona haya. Naona pia kwamba haya yangu hayamsaidii Hamisi.

Jumatano, 5 Machi

Rejeta imerudi mahali pake. Maji bado yapotea. Feni huyatawanya, mbele yote hulowa, na siwezi kujua yaanzia wapi.

Hamisi amekuja, akakaa juu ya debe. Kasema gari haikuwa ikipoteza maji hadi Fundi alipoifungua pampu ya maji, mwezi wa Januari. Nikamuuliza kwa nini hakulisema hilo barazani. "Nani angenisikiliza, bwana? Yule ni fundi, miye ni dereva." Jibu hilo limeniudhi siku nzima kwa sababu ni kweli.

Shangazi Mwanaisha alikuwa akipepeta mchele ukumbini. Akaniambia nitie manjano. Nikamwambia, kwa sauti ya mwalimu, kwamba gari si mchuzi. "Mchuzi ukinimwagikia kangani nauona ulikopita," akasema. "Wewe wayaona maji yako?"

 Silipendi swali hilo, lakini hoja haipungui nguvu kwa kutoka jikoni.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeyakoroga manjano ya Shangazi katika maji na kuyamimina ndani ya rejeta. Nimevua mapanga ya feni ili upepo usitawanye kitu. Nimechana kanzu kuukuu, vitambaa vyeupe, nikavifunga kila penye kiungo: mipira ya juu na ya chini, kichwa cha injini, shingo ya pampu. Nikawasha kwa dakika chache tu.

Vitambaa vyote vimetoka vyeupe ila kimoja. Cha shingo ya pampu kimekuwa manjano kama biriani ya harusi.

Tumeifungua nati ya shingo. Ndani ndimo huzungushwa uzi uliopakwa mafuta, ili mhimili wa pampu uzunguke na maji yasipite. Hatukukuta uzi. Tumekuta pamba iliyoshindiliwa kwa tindo, na juu yake kitu cheupe, kigumu, chenye kuvunda. Hamisi akakinusa. "Deheni hii."

Deheni. Chokaa na shahamu, ya kupaka mashua. Baba yake Fundi alikuwa akiunda mashua, naye mwenyewe aliziba mashua miaka mingi kabla ya kujifunza magari vitani. Ameiziba pampu kama anavyoziba mbao. Ila ubao umetulia, na mhimili unazunguka. Deheni imepasuka, maji ya moto yakaipeleka, na lawama akapewa aliyeshika usukani.

Uzi wa pampu haupatikani madukani tangu vita. Nimetengeneza wangu: utambi wa taa uliosukwa, shahamu ya ng'ombe, na risasi ya penseli iliyosagwa, kwa kuwa risasi huteleza. Penseli zangu nne nzuri, za chuoni. Nimekaza nati kwa vidole, kisha kwa spana robo mzunguko. Tone moja moja latoka. Ndivyo itakiwavyo: ikikazwa hata kukauka, mhimili huungua.

Ijumaa, 7 Machi

Tumekwenda Waa, kupita mbali zile maili nne, na kurudi kabla ya sala, Hamisi usukanini. Tuliporudi nikafungua rejeta. Maji yamepungua kikombe, hayakuzidi.

Ami amekitazama kitambaa, akaitazama deheni juu ya gazeti. Akampa Hamisi funguo. Kisha akaniambia taratibu: "Yamekwisha, mwanangu. Msitiri mwenzio."

Nampenda ami, na sitamtii katika hili. Kazi ya Hamisi imerudi hapa uani, mbele ya watu watatu na kuku. Jina lake lilichukuliwa barazani. Sitara ya Fundi isinunuliwe kwa jina la mtu mwingine.

Nimeoga. Nimevaa kanzu safi. Alasiri haijaadhiniwa, na nyumba imetulia. Barazani nitaanza na kosa langu la rejeta, nitalikiri wazi, nao wacheke. Kisha nitaiweka deheni juu ya mkeka na kusema haya, bila kupandisha sauti:

Fundi Athmani, ulisema mbele ya watu kwamba Hamisi aliiua injini. Injini ni nzima, na hii imetoka katika pampu uliyoifunga wewe. Jibu. Jibu hapa, mbele ya wale wale waliokusikia.