Maisha ya Nani?

Mjukuu wangu Elirehema,

Marahaba. Bibi yako hajambo, na kahawa imeanza kuiva. Unauliza kwa nini mchumba wako aliposema atakutunza maisha yote, nilimuuliza, "Ya nani?"

Mimi nilipigana vita vya Mwingereza kule Burma. Kamanda wetu alituahidi matibabu ya bure maisha yote. Tuliporudi tukanyimwa, basi tukashuka kutoka Nkoaranga hadi bomani Arusha kudai, mimi nikiburuta mguu wenye risasi.

Karani akauliza, "Aliyewaahidi yuko wapi?"

"Alifia Burma."

"Basi hayo maisha yalikwisha."

Tukapanda mlima kurudi Nkoaranga. Mguu unauma hadi leo.

Huyo kijana wako alicheka tu, mama. Mwambie babu bado anasubiri jibu.