Kuku Asiye na Mfupa

Miyuji, Dodoma
Jumanne

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, uvimbe wa mguu umepungua, na mvua za huko Tukuyu hazijakufungia ndani. Sisi huku tu wazima wa mwili. Mvua tunaisikia redioni tu, upepo unatuletea vumbi mpaka kwenye kopo la chumvi, na maji yanatoka siku yanapojisikia. Hayo yote tumeyazoea. Nilichoshindwa kukizoea ni mwanao wa mwisho, Erica.

Najua utashangaa kupata karatasi wakati simu ipo. Mama, simu yako unaiweka sauti kubwa juu ya meza, na kabla sijamaliza salamu namsikia mama mkubwa akiniitikia kutoka jikoni. Haya ni yako wewe peke yako. Nampa barua binamu Anyitike, anakuja huko msibani, na nimemwambia akukabidhi mkononi. Kama miwani inakusumbua, msubiri mdogo wangu Silvano arudi akusomee, lakini mfunge mlango.

Baba mdogo Geofrey ameshakupigia kukueleza jinsi posa yangu ilivyotaka kuvunjikia mezani kwa sababu ya Erica. Nawe umeshampigia Erica ukamwambia asikanyage huko Krismasi. Mengi uliyoambiwa ni kweli. Lakini unamjua baba mdogo, akisimulia jambo huanzia pale ambapo yeye hana kosa. Kwa hiyo nisikilize mimi tangu mwanzo.

Tangu Erica aje kukaa kwangu ili asome chuo, sijawahi kula kuku aliyetulia. Aliona kwenye simu watu wa mbali wanachoma kuku, wanampaka matunda, wanamfungia ndani ya mkate, wanaita sandwichi. Mtu mwingine angetazama, angetabasamu, angelala. Erica akaenda kwa fundi wa mageti akachomelewa wavu, akauweka juu ya jiko langu la mkaa hapo barazani, na amani ikaniaga siku hiyo.

Mara ya kwanza alichukua kuku wa kisasa, akamkatakata, akamlaza kwenye nanasi bichi lililosagwa pamoja na tangawizi na pilipili. Asubuhi nyama imelegea, ukiigusa inabaki kidoleni. Akaniambia eti nanasi bichi linakula nyama. Nikamuuliza, nanasi likishakula nyama, sisi tutakula nini? Hakukata tamaa. Wiki iliyofuata ikawa embe. Embe bivu limepondwa na kuchanganywa na ukwaju, embe bichi limekatwa vipande vyembamba na kuwekwa juu kama kachumbari. Baadaye ikaja pesheni, nikawa natafuna mbegu mpaka nafika ofisini. Akajaribu papai, hilo hata yeye mwenyewe lilimshinda. Akanyunyizia unga wa ubuyu. Mama, ubuyu juu ya kuku! Nilimwambia Mungu ameumba kuku na akaumba chumvi, na akaona ni vyema. Akanijibu kwamba Mungu huyo huyo ameumba nanasi. Mtoto anasoma chuo, atakosa jibu?

Mapazia yangu yananuka moshi. Nguo za kazini zinanuka moshi. Kule masjala wananiuliza kama nimehamia kwenye baa ya nyama choma. Jirani yetu Bi Swaumu alikuja siku moja amefura, moshi umemharibia nguo alizoanika. Nikafurahi kwamba hatimaye nimepata mtu wa upande wangu. Erica akampa sandwichi moja ya nanasi aionje. Bi Swaumu akaondoka na mbili nyingine kwenye sahani, na tangu hapo yeye ndiye anayetuletea maembe. Nikajua nimebaki peke yangu.

Sasa nije kwenye posa. Elieza nimekwishakuambia, ni mtu wa Mpwapwa, afisa mifugo, mpole, hana maneno mengi. Nina miaka thelathini na tisa, na ile posa ya kwanza unajua ilivyoishia, sina haja ya kuirudia. Hii niliitaka, Mama. Niliitaka mpaka nikawa naogopa kuisema kwa sauti. Aliyemlea Elieza ni baba yake mkubwa, Mzee Ndahani, na neno lake ndilo neno la ukoo wao. Ikapangwa aje Jumamosi na mshenga walete barua, na baba mdogo awapokee kwa niaba ya marehemu Baba.

Baba mdogo akaleta jogoo kutoka Chamwino, jogoo mzee, ana kucha kama za kupandia mlima. Nikamwambia Erica amchemshe taratibu, amuunge nazi, wali nitapika mwenyewe nikirudi. Nikaenda kusuka. Msusi naye siku hiyo alikuwa na bibi harusi, akaniweka benchi mpaka nikaanza kusinzia. Narudi nyumbani mbio, wageni wako njiani, naingia jikoni, jogoo hana mfupa hata mmoja. Kachomwa, kakatwa, kapakwa embe, kapangwa ndani ya mikate ya mviringo kama vitafunwa vya semina.

Erica akajieleza. Gesi iliisha mapema na jogoo alikuwa mgumu, mkaa ungemchemsha mpaka Jumapili. Ndipo akamlaza kwenye nanasi na ukwaju ili alainike, na kweli amelainika. Sikutaka kusikia. Nilimgombeza, Mama, nimesimama palepale, mkoba begani, nafunua hiki nafunika kile, nikamwambia wazee wanaokuja kuomba mke hawalishwi chakula cha kushika mkononi kama abiria. Kila alipofungua mdomo nikamwambia asinijibu, mimi ni dada yake mkubwa. Nikaenda kuvaa.

Wageni wakafika, wakakaribishwa, wakanawa. Mimi nikajibanza nyuma ya pazia la korido kama ilivyo desturi. Bahasha ya posa ilikuwa mezani karibu na mkono wa Mzee Ndahani, nikawa naitazama kupitia upenyo. Sahani zikaletwa. Mzee akaufungua mkate wake, akautazama, akaufunga. Akamuuliza baba mdogo kama kuku wa kwetu Rungwe huzaliwa bila mifupa. Baba mdogo akacheka peke yake.

Kisha mzee akafungua mkate wa pili, na wa tatu. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba mkate haumkeri, hata kanisani anaupokea. Ila kwao, na alidhani hata kwetu, mgeni aliyekuja kuomba mke huwekewa firigisi, na kwa firigisi hiyo ndipo hujua kwamba amepokelewa. Leo haioni. Akauliza nani ameshaila. Akasema kama ndani ya nyumba hii kuna mwanaume aliyemtangulia, basi aambiwe mapema, asije akaacha barua mahali palipo na barua nyingine. Akaichukua ile bahasha, akaanza kuirudisha ndani ya koti.

Baba mdogo, aliyekuja pale kwa ajili ya kusema, akawa anakagua dari.

Ndipo Erica akaingia na birika la maji, hakuna aliyemwita. Akapiga magoti mbele ya mzee akasema kosa ni lake. Alimtengeneza kuku bila kujua, firigisi akaitupa pamoja na utumbo. Mzee akamtazama sana. Akasema msichana wa chuo kikuu asiyejua firigisi ni ya nani, hilo si kosa lake, ni la nyumba iliyomlea, na mama yake aambiwe. Baba mdogo alipoona hatari imepita, ulimi ukamrudia, akamwita Erica mtoto wa simu, akamwita hasara, akaapa kukupigia jioni ile ile. Erica hakuinua macho. Mzee akaiweka bahasha mezani. Halafu, Mama, akala. Akala miwili, akalamba vidole, na wa tatu akaomba afungiwe wa njiani.

Hapo ndipo simulizi ya baba mdogo inapoishia. Mimi yangu haijaisha.

Firigisi niliila mimi.

Erica hakuitupa. Mtoto wako anajua firigisi ni ya nani, ulimfundisha vizuri. Aliichoma peke yake kwa chumvi na limao, bila tunda lolote, akaiweka kwenye kisahani kidogo, akaifunika kwa kisahani kingine pale dirishani. Ilikuwa ya mzee. Mimi nikaingia na hasira zangu, nikafunua, nikaitia mdomoni, nikaendelea kugomba. Nakumbuka hata neno nililokuwa nalisema wakati namalizia kutafuna. Nilikuwa nasema heshima. Erica aliponyoosha mkono kunizuia, nikamwambia asinijibu.

Sikuila kwa ubaya, Mama, wala kwa ubishi. Niliila kwa mazoea. Kwetu firigisi ilikuwa ya Baba, na Baba alipofariki ukampa Silvano, wakati huo bado anang'oka meno ya utoto. Sikuwahi kukuuliza. Nilipohamia nyumba hii niliyoijenga mwenyewe, kuku wa kwanza niliyempika humu, niliila firigisi yake nimesimama jikoni, nikasubiri kitu kinipate. Hakuna kilichonipata. Tangu siku hiyo kila kuku anayechinjwa hapa firigisi ni yangu, na mkono wangu umejua hivyo, hauniombi ruhusa.

Kwa hiyo mzee alipouliza nani amemtangulia, nilikuwa nyuma ya pazia na limao bado liko ulimini. Ningeweza kutoka. Hatua chache tu. Lakini niliiona bahasha inaingia kotini, nikaogopa. Niliogopa kurudi kuwa yule ambaye watu wanamwonea huruma harusini. Nikamwacha mdogo wangu apige magoti kwa ajili ya tumbo langu. Na wewe ulipompigia simu kumfokea, nilikuwa chumba cha pili, nikamsikia anakujibu ndiyo Mama, ndiyo Mama, mpaka ulipokata. Hakunigeukia hata mara moja kuniambia sema. Ningetamani angenigeukia. Jiko lake la mkaa halijawaka tangu siku hiyo. Anapika maharage, na anayapika vizuri, na siwezi kuyameza.

Jumapili baada ya ibada nilishindwa, nikampigia Elieza nikamwambia yote. Kisha akaniuliza kama siku zote nikipika kuku hapa kwangu firigisi huwa naila mimi. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nina mpango wa kuacha. Nilitaka kudanganya, Mama, nilikuwa na uongo mzuri mdomoni, lakini nikasema sina. Halafu akasema na yeye anaipenda, asinidanganye, kwa hiyo kwenye nyumba yetu watachinjwa kuku wawili. Sikujua kama nicheke au nimtukane kwa kunikalisha roho juu muda wote ule. Nikalia.

Jana amekwenda Mpwapwa kumweleza baba yake mkubwa mwenyewe. Nilimkataza asiipambe habari. Mpaka naandika hapa, mzee hajasema lolote. Barua ya posa iko kabatini, sijui kama ni yangu au nimewekewa tu. Huenda ataidai. Huenda atasema ukoo wake hauwezi kuoa mwanamke anayekula firigisi ya wageni. Akisema hivyo nitaumia, sitakuficha, na itakubidi univumilie Krismasi nikija na sura mbaya.

Lakini sisubiri jibu lake ndipo nikuambie. Nakuomba jambo moja. Mpigie Erica leo, kabla hujajua mzee kaamuaje, ili asije akadhani umemsamehe kwa kuwa posa imepona. Na ukimpigia, tafadhali, zima hiyo sauti kubwa. Baba mdogo niachie mimi, nimemwita aje Jumamosi, na nimemwambia kwamba Erica ndiye atakayepika. Akauliza kuku wa namna gani. Nikamjibu atakula atakachopewa.

Msalimie Silvano, mwambie simdai kitu. Msalimie mama mkubwa, na wote wanaoniulizia. Bi Swaumu anakusalimu sana na anasema umezaa mpishi. Mungu akutunze, na mguu uupumzishe, usishinde shambani.

Ni mimi mwanao, niliyekula firigisi,

Anjelina