Pesti ya Bibi Domitila

Jumatatu, 6 Oktoba

Asubuhi kama kawaida. Kufagia studio, kupangusa maikrofoni, kukung'uta mablanketi ya ukutani. Joto la kabla ya mvua. Mtaa mzima wa Chemchem unatoka jasho.

Saa nne akafika Bibi Domitila kutoka Ulyankulu, na binti yake Yasinta. Bibi anatungia kwaya ya kigango chao nyimbo tangu ujana. Hakuna hata mmoja uliorekodiwa. Jumamosi anakwenda Mwanza kupasuliwa koo, na daktari amemwambia sauti huenda isirudi.

Wimbo wa kwanza, ubeti wa pili, kompyuta ikazima. Nikaiwasha. Ikazima tena.

"Mwanangu, hilo sanduku lako limechoka kuliko mimi," akasema bibi.

Nikamwambia aje Alhamisi. Sikusita. Kazi hii naijua.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeifungua. Feni inajikokota. Pesti, ile dawa ya kijivu inayopakwa kati ya prosesa na kipozeo, imekauka kama chokaa. Joto halina pa kutokea. Prosesa, ubongo wa mashine, ilikuwa inajipika yenyewe.

Nimepata kipozeo kipya chenye feni yake mjini, na bomba dogo la pesti. La mwisho dukani.

Shemeji Festo, mwenzangu wa studio, anasema nipake dawa ya meno. Kaona mtandaoni. Nimekataa. Hata kucheka sikucheka.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimefunga. Spiriti, kitambaa safi, prosesa ikang'aa. Tone la pesti katikati, kubwa, ili niwe na uhakika. Kipozeo juu. Skrubu kona kwa kona, kidogo kidogo. Nikawasha. Feni inazunguka kimya. Nikajisifu kwa sauti.

Nikafungua programu ya kurekodia. Joto likapanda. Themanini. Tisini. Giza.

Nimerudia. Giza tena.

Hasira. Nimempigia Festo kelele bila sababu. Jioni Yasinta akapita kusema bibi anakohoa, na kuuliza kama kesho ipo. Nikasema ipo. Nilikuwa naogopa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Alfajiri nimeng'oa kipozeo. Chini yake, nailoni. Ile nyembamba, angavu, inayobandikwa kiwandani kukikinga. Sikuibandua! Mimi, fundi. Pesti yote imepakwa kwenye nailoni.

Nimecheka peke yangu. Kisha nikaangalia bomba, kicheko kikaisha. Karibu tupu. Kuagiza Dar ni siku ambazo bibi hana.

Festo akaniwekea dawa ya meno mezani. Nikamrudishia.

Nikabandua nailoni, nikasafisha upya. Nikalikunja bomba kuanzia mkiani, nikalikamua kwa meno ya koleo. Likatoa tone kama punje ya mchele. Basi. Na kusema kweli, ndicho kipimo chake. Lile la jana lilikuwa tamaa ya uhakika. Nikashusha kipozeo wima, bila kukitikisa. Skrubu. Nikawasha.

Hamsini na kitu. Nikaipa kazi nzito. Ikapanda kidogo, ikatulia. Nikajua imepona.

Saa nne wakaja.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Limepona?"

"Limepona. Imba, bibi."

Akaimba sauti ya kwanza, kisha sauti ya pili juu yake. Akikohoa, tunasubiri. Anakunywa maji ya uvuguvugu, anaendelea. Ule wa mwisho aliurudia hadi akaridhika yeye. Mimi nilikuwa nimeridhika zamani. Nyimbo zote zimeingia. Yasinta alilia. Mimi nilikuwa naangalia joto. Nililia walipoondoka.

Jumamosi, 11 Oktoba

Wamesafiri. Nimemnunulia Festo soda. Hatukuongea habari ya kelele zile.

Jumapili, 19 Oktoba

Mvua ya kwanza imenyesha asubuhi. Nimeshinda studio nikisafisha sauti. Kabla ya kila ubeti bibi anavuta pumzi, inasikika. Nimeziacha zote.

Mchana Yasinta akapiga simu. Upasuaji umekwisha salama. Bibi haruhusiwi kusema, na kama sauti itarudi hawajui bado. Nikamwomba amwekee simu sikioni. Nikapiga wimbo wa mwisho, wote.

Wimbo ukaisha. Kisha Yasinta: "Anatikisa kichwa. Hapana, anakataa kitu. Ananyoosha mkono juu. Nadhani anataka ile sauti ya pili ipande."

Nikasikiliza tena. Kweli, ilikuwa chini.

Nimeipandisha.