Ulipoulizia Vitambaa vya Mama

Kwako dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, shemeji na watoto. Natumaini mguu wako umepona na umeacha kuchechemea. Huku sisi ni wazima. Wateja bado wananiletea picha za farasi na maporomoko ya maji niwatilie fremu, kisha wanasahau kuzifuata.

Barua yako ilifika mwezi uliopita, usininunie kwa kuchelewa. Uliniomba kitu kimoja tu, kile kitambaa ambacho Mama alidarizi juu yake nyumba yetu ya zamani, nawe umekaa kizingitini unamsuka mdoli wako nywele. Nimeanza kukujibu mara nne na mara nne nimechana karatasi.

Unakumbuka alihamia kwangu na gunia lake la vitambaa. Kila siku alidarizi kitambaa kimoja, ukubwa wa kiganja, na juu yake jambo la siku hiyo. Birika limefurika likazima jiko. Jirani na mkewe wamenuniana, kila mtu na dirisha lake. Siku moja alinidarizi mimi nimelala mdomo wazi, nzi puani. Mke wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka, maana mdomo ule ulikuwa wangu hasa.

Alikuwa akishonea kwenye kona ya meza ya chakula. Nikamwondoa, nikisema nataka pa kukatia vioo. Akahamia kitandani kwake, gunia akalisukumia uvunguni. Baadaye nikautaka na uvungu. Katikati ya hayo aliniomba fremu moja ndogo, ya kitambaa chochote nitakachochagua mwenyewe. Nilimjibu kwamba kioo ni cha picha, na vile vyake ni vya kupotezea muda. Aliitikia sawa, akaniomba radhi kwa kunichelewesha kazini. Dada, mimi ndiye niliyeombwa radhi.

Mwaka jana alirudi kutoka kliniki akakuta uvungu mtupu. Nilimwambia bomba lilipasuka, gunia likalowa, vitambaa vikaharibika nikavitupa. Akanipa pole kwa kubeba mzigo uliolowa. Kesho yake akadarizi bomba linarusha maji, na mimi nimelibeba gunia, mgongo umepinda kama mtu anayeteseka kwa ajili ya mama yake.

Dada, hakuna bomba lililopasuka. Siku ile fundi wa makochi alikuja kututengenezea kochi, akataka matambara ya kujazia mito. Nikampa gunia. Alitoa kitambaa kimoja, akakitazama sana, akaniuliza kama nina hakika. Nilimwambia ajaze tu. Haikuwa bahati mbaya, nilijua ninachotoa.

Wiki iliyopita mto mmoja wa kochi ulifumuka. Niliingia sebuleni nikamkuta Mama ameuweka mapajani, mkono umezama ndani. Alikuwa amekishika kile chako, chenye kizingiti na mdoli. Alikiangalia, akanitazama, akakirudisha ndani taratibu. Kisha akatia uzi kwenye sindano akaushona ule mto, mshono mdogo mdogo, mzuri kuliko wa fundi. Alisema tu kwamba sasa hautafumuka tena. Tangu hapo hajashika sindano, na kwenye kochi hakai. Anakaa kwenye kigoda karibu na mlango, mikono mapajani. Naona aibu kupita mbele yake.

Kitambaa chako najua kilipo, sentimita chache ndani ya ule mshono. Kila nikichukua mkasi naukumbuka uzi ule, ndiyo kazi yake ya mwisho, na mkono unakataa. Nimekutilia kwenye bahasha hii kile cha bomba, ambacho alinipa mwenyewe. Kioo chake nimeshakikata. Nitakuletea siku utakayonifungulia mlango.

Mama anakusalimu sana. Hajui nimekuandikia nini, na ukimwandikia, tafadhali usimuulize anadarizi nini siku hizi. Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi Vioo