Buibui wa Ziwani, Ukutani kwa Kemunto

Jumapili, Nyaramba. Mvua inanyesha tangu tutoke kanisani, na mimi bado nimenuna.

Sababu ni buibui mmoja.

Alhamisi rafiki yangu Kemunto, ninayefundisha naye, alituma picha kwenye kundi letu la walimu wanaochora ramani ya buibui warukaji. Macho mawili makubwa mbele kama taa za gari, uso mwekundu, mwili mdogo kuliko punje ya mahindi. Ni yule wa jenasi ya Evarcha anayependa mbu walioshiba damu. Namjua vizuri, maana nimekulia kando ya Ziwa Viktoria, na huko ndiko kwake. Sasa Kemunto anasema amempata nyumbani kwake Itumbe, huku juu kwenye chai na baridi!

Sikuamini hata kidogo. Nilijua anataka jina lake liwe la kwanza kwenye ramani. Nikaandika mbele ya wote kwamba picha hiyo imepigwa ziwani.

Alijibu mara moja tu: "Akinyi, mimi sijaenda ziwa mwaka hii. Hiyo buibui nilipata kwa ukuta yangu." Kisha akatoka kwenye kundi. Ijumaa shuleni alinipita kama hanijui.

Nami, badala ya kuona haya, nikazidi kumshuku. Kama hana hatia mbona asibaki ajitetee?

Leo nimeikuza ile picha mpaka ikaanza kufifia, nikitafuta ushahidi. Nikaupata. Nyuma ya buibui si ukuta mtupu, ni mkeka wa mafunjo, wa kwetu ziwani kabisa. Nilishangilia peke yangu jikoni.

Halafu nikaona uzi wa kijani kwenye pindo.

Uzi huo ni wa mama yangu. Hushona hivyo kila mkeka anaosuka. Na huu nilimletea Kemunto mimi mwenyewe mwezi uliopita, akautundika sebuleni kwa furaha. Mama huikung'uta mikeka juani kabla haijatoka nyumbani. Siku hiyo nilimharakisha, gari lilikuwa linaningoja.

Sina hakika kama buibui alisafiri humo. Lakini sina mtu mwingine wa kumshuku.

Nimeandika kwenye kundi kwamba nilimsingizia Kemunto. Kesho nitamwomba msamaha mbele ya walimu wale wale, na naogopa hatanisikiliza.

Kwenye ramani, pale Itumbe, nimeandika kwa kalamu ya wino: Mmoja. Ameonwa na Kemunto. Ameletwa na mimi.