Mkata Majani wa Dirishani

4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Salamu zikufikie huko uliko, zikukute mzima na umeshiba. Mimi nipo. Mguu tu ndio unanikumbusha umri nikikanyaga cherehani muda mrefu, lakini nani asiyekumbushwa.

Nakuandikia kwa sababu nimeibiwa. Usishtuke, cherehani ipo. Ni majani ya mawaridi yangu, yale ya kwenye ndoo mlangoni pa duka. Kila asubuhi nikipapasa nakuta jani limekatwa duara kamili, na jingine limekatwa umbo la yai. Mwanangu, nimekata vitambaa miaka thelathini na nne, na mpaka leo sikati duara bila chaki na sahani. Huyu mwizi hana chaki wala sahani! Nimepitisha kidole ukingoni, hakuna hata mahali pamoja palipochanika. Fundi viatu, jirani yangu, anasema ni konokono. Nikamwambia konokono mwenye mkono huo ningemwajiri leo leo.

Tena kuna jambo jingine. Yale matundu ya fremu ya dirisha, yaliyobaki tulipong'oa vyuma vya zamani, yanazibwa moja moja. Ukiweka kidole unakuta kifuniko laini cha majani. Nilitaka kuyachokoa kwa sindano, nikasikia kitu ndani kinatafuna. Nikaacha.

Wewe ndiye unayeshinda na wadudu kazini. Jani moja nimelitia humu. Niambie mwizi wangu ni nani.

Mama yako

*

21 Februari

Shikamoo mama,

Natumaini mguu umetulia. Mimi mzima, kazi nyingi, chakula nakula, usiulize.

Mama, mwizi wako ni nyuki! Nilipomwonyesha mkuu wangu lile jani, yeye ambaye hasimami kwa ajili ya mtu, alisimama. Chumba chetu kina kabati za droo mia tatu, na kila droo imejaa wadudu waliochomwa pini, kila mmoja na kikaratasi chake kidogo kuliko ukucha: alipatikana wapi, lini, na nani. Kutoka kwetu nyumbani hatuna hata mmoja wa aina hiyo. Droo ni tupu. Mama, hujui ulichonacho dirishani.

Huyu si nyuki wa mzinga. Hana malkia, hana wenzake, hana asali ya kutuibia. Anaishi peke yake. Anakaa juu ya jani, anazunguka kwa meno yake huku mwili wenyewe ndio kipimo, na kabla hujamaliza kuhesabu hadi ishirini kipande kimetoka, naye anaruka nacho amekikumbatia tumboni. Vile vya umbo la yai ndivyo kuta, vya duara ni vifuniko. Ndani ya tundu anashona chumba kidogo kuliko kastabani yako ya kidoleni, anakijaza unga wa maua, anataga yai moja, anafunga. Halafu anaanza kingine, mpaka tundu lijae. Hakufundishwa na mtu, mama. Mama yake alikufa kabla yeye hajazaliwa.

Sasa naomba unisaidie. Mtazame tumboni anapotoka mauani: vinywele vyake vina rangi gani? Hapo ndipo tunapowatofautishia. Na ukikuta nyuki waliokufa kizingitini, wadogo kwa wakubwa, niwekee kwenye kisanduku cha kiberiti.

Mbona herufi zako zimekuwa kubwa hivi, kama tangazo la mnada? Na huyo fundi viatu, yule redio isiyozimika, bado tu yupo? Msalimie.

Mwanao

*

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mguu haujambo. Herufi ni kubwa kwa sababu kalamu ni nene. Fundi viatu yupo, na salamu zako amezisikia zote.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nyuki! Mimi niliyekuwa nikiwapiga kwa kanga, kumbe napiga mafundi wenzangu. Tangu barua yako nimehamisha kiti karibu na dirisha. Nikisimamisha cherehani nawasikia. Yule mkata majani akija na jani sauti yake huwa nzito, kama cherehani inayopita kwenye jinzi. Akija na unga wa maua sauti hupanda. Kuna mwingine mdogo sana, ukisikia utadhani ni mbu mwenye adabu. Na kuna mmoja mnene anatikisa ua mpaka lenyewe linalia. Miaka yote hiyo nilidhani ni kelele moja tu ya joto, kumbe kila mmoja ana yake! Juzi nilimwacha mteja amesimama na mikono juu, nusu amepimwa, mimi nasikiliza.

Vinywele vya tumboni ni vya rangi ya nyuki, hivyo hivyo unavyowajua.

Nimekuokotea wanne waliokufa. Wafungue polepole.

Mama yako

*

6 Aprili

Shikamoo mama,

Kisanduku kimefika salama, hata mguu mmoja haukuvunjika. Nitakueleza wote kama nilivyowaona kwenye hadubini.

Wa kwanza si nyuki kabisa. Ni nzi aliyejivika mistari ya nyuki ili aogopwe. Tapeli, lakini amejipamba hasa! Wa pili ndiye yule mbu wako mwenye adabu: nyuki asiyefika punje ya mchele, mwili wote kijani kinachong'aa kama bati jipya. Nilimwita mkuu wangu, tukabadilishana kiti mara tano. Wa tatu ndiye mkata majani mwenyewe, na vinywele vya tumboni ni rangi ya kutu. Amepata droo, mama. Kwenye kikaratasi nimeandika: *Ameokotwa na fundi cherehani, dirishani mwa duka lake.*

Wa nne nilijaribu kumchoma pini, pini ikapita. Nikamweka chini ya hadubini. Ni uzi, mama. Uzi mweusi uliosokotana, na kipande cha uzi wa manjano kimenasa katikati.

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka, nikatoa barua zako zote nikazisoma upya. Majani unayapapasa. Nyuki unawasikiliza. Nilikuuliza rangi ukanijibu rangi ya nyuki. Fundi wa miaka thelathini na nne hawezi kuokota uzi akadhani ni mdudu.

Mama, huoni. Tangu lini? Nakuomba, nakupigia magoti, nenda kwa daktari wa macho wiki hii. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Mwanao

*

19 Juni

Mwanangu,

Salamu. Mimi mzima.

Umenyamaziwa miezi miwili na ulistahili. Barua zako hunisomea fundi viatu, mwaka wa pili sasa. Ile ya redio isiyozimika aliisoma, akaendelea. Ni muungwana kuliko wewe. Lakini hii ya mwisho aliisoma dukani, kwa sauti yake hiyo hiyo, na mwalimu mkuu amesimama hapo anapimwa gauni. Alipofika kwenye "Mama, huoni" ilikuwa imeshatoka, maji yakimwagika hayazoleki. Mwalimu mkuu alikunja kitambaa chake taratibu, akasema atapita siku nyingine. Mpaka leo.

Sasa ujue yote. Ni miaka minne. Ulianza ukungu, kama mtu amepumulia kioo cha dirisha, nikasubiri ufutike. Haukufutika. Fundi viatu ananitungia uzi kwenye sindano kila asubuhi, sindano ishirini, ananichomekea kwenye mto. Mengine nafanya kwa vidole, na pindo langu bado halikosei.

Kwa daktari siendi. Bibi yako alikwenda na jicho linaloona ukungu, akarudi haoni hata ukungu. Nilimwongoza kwa mkono miaka tisa. Wewe ulikuwa mdogo, ulidhani ni mchezo. Nina ukungu wangu na ninaogopa kuupoteza. Niache.

Matundu yote kumi na moja yamezibwa. Yule fundi mkata majani haji tena. Nimesikiliza wiki tatu, kimya.

Mama yako

*

5 Julai

Shikamoo mama,

Nisamehe. Nilikuandikia kama ninavyoandika ripoti, sikufikiri barua itapita mdomoni mwa nani. Na fundi viatu, kwa kuwa unasoma hapa, nisamehe na wewe.

Ya bibi sikuyajua. Nililia chooni kazini. Nimemuuliza daktari wa macho wa huku, akasema ukungu una aina nyingi, mwingine ni mtoto wa jicho na hutolewa, mwingine sivyo, na hakuna awezaye kujua bila kukutazama. Nimemaliza hilo. Sitaongeza neno.

Yule fundi wa dirishani haji kwa sababu amekufa, mama. Akishaziba tundu la mwisho kazi yake imekwisha. Watoto wamo humo ndani, wanasubiri mvua. Hakuwaona hata mmoja. Mayai ya kike huyataga nyuma kabisa, ya kiume mbele mlangoni, ili kaka zao watoke kwanza.

Sina la kukupoza ila nikusimulie yule aliye kwenye droo yangu. Nimemtazama kila siku tangu uliponinyamazia. Kila unywele wake una matawi, kama unyoya. Ana macho makubwa mawili, na juu ya kipaji mengine matatu madogo, yamekaa kama shanga. Na mabawa, mama! Yapo manne, lakini akiruka yanakuwa mawili, kwa sababu la nyuma lina safu ya vishikizo vinavyoshika pindo la bawa la mbele. Vishikizo, kama vile unavyovishona mgongoni mwa blauzi. Nilihesabu kumi na vinne. Kwenye bawa lililo jembamba kuliko ganda la kitunguu. Nilikaa pale nikasema, nani amemshonea huyu? Nikatamani ungekuwa kwenye kiti changu, maana mimi nahesabu tu, wewe ungeielewa kazi yenyewe.

Nakutumia kioo cha kukuzia. Usipokihitaji mpe fundi viatu.

Mwanao

*

30 Agosti

Mwanangu,

Nasema mimi, anaandika fundi viatu, kwa hiyo pakikosewa ni yeye. (Si kweli. Naandika neno kwa neno. Redio.)

Salamu zetu sote. Nipo kitandani na bandeji kwenye jicho la kulia. Sikukuambia mapema kwa sababu mambo yangeharibika ningependa nijue kwanza mimi. Ni mtoto wa jicho. Daktari alisema ya bibi yako huenda yalikuwa mengine, kisha akasema hata hili linaweza kwenda vibaya, hakunificha. Nilimpenda kwa hilo.

Usidhani ni wewe uliyenishawishi, wala wateja. Ni vile vishikizo. Kila niliposhona kishikizo nilikuwa nawaza: kumi na vinne, kwenye bawa la nyuki, sentimita chache kutoka sikioni kwangu, na mimi nitakufa sijaviona? Siku ya tatu ya kuwaza hivyo nilimwambia huyu bwana afunge kibanda chake anipeleke.

Nilitetemeka mpaka muuguzi akanishika miguu. (Ni kweli. Mimi pia nilitetemeka. Redio.)

Bandeji inafunguliwa kesho. Sijui.

Mama yako

*

12 Oktoba

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi, nyingi tena nyingi! Tazama herufi. Naandika mwenyewe, kwa kalamu nyembamba, na mstari haupandi wala haushuki.

Walipofungua bandeji kitu cha kwanza kilikuwa mkono wa daktari, na kwenye mkono saa, na kwenye saa mshale mwembamba unatembea. Nilipiga ukelele. Nilipofika nyumbani nikakuta bibi kizee kwenye kioo, nikataka kumwamkia shikamoo. Kumbe mimi!

Lakini hayo si kitu. Mvua ilinyesha Jumapili. Jumanne, nimeinamia gauni la mwalimu mkuu (ndiyo, amerudi), kifuniko cha tundu la tatu kikatikisika. Nikatupa gauni. Meno mawili yakatokea, halafu uso, mwanangu, uso! Una manyoya meupe kama ndevu za mzee, na macho hayo makubwa yananitazama mimi. Alitoka kidogo, akachoka, akapumzika. Nikasema, karibu baba. Akajitoa wote, manyoya yamelala kama ya kifaranga aliyeanguliwa sasa hivi, akapanda kidoleni kwangu akaanza kujisugua uso kwa miguu ya mbele. Nilibana pumzi, nisije nikampeperusha. Akatoka mwingine nyuma yake, na mwingine. Wa kiume kwanza, hata kwa nyuki!

Duka lilifungwa siku tatu. Wateja walikuja kugomba nikawapa kioo chako cha kukuzia, wakainama kutazama. Mwalimu mkuu alikaa saa nzima sakafuni na miwani yake. Fundi viatu hakusema neno lolote, hebu fikiria. Mmoja alikufa kizingitini, nikamfungua bawa kwa ncha ya sindano, nikaviona. Vipo, mwanangu. Vimepangwa sawasawa, vyote vinatazama upande mmoja. Nikalia machozi juu ya kioo, ikabidi nikifute nianze upya. Na kwenye ndoo ya mawaridi, pale nilipodhani hamna kitu, nimehesabu wadudu aina kumi na tisa, mmoja ana mabawa yenye pindo la nywele na ni mdogo kuliko nukta hii. Miaka thelathini na nne nimekaa hapa nikidhani niko peke yangu.

Jicho la kushoto linafanyiwa upasuaji mwezi ujao. Nitakwenda kwa miguu yangu.

Sasa kuna jambo hata Redio hajalisikia. Ulipokuja mara ya mwisho, nilikushika mashavu mlangoni nikasema umenenepa, umependeza. Ukacheka ukanikumbatia. Mwanangu, sikukuona. Niliona kivuli chenye sauti yako, nikasema yale ambayo kila mama husema. Ulikaa nami siku kumi ukaondoka, na mimi sijui ukoje siku hizi. Ndevu za nyuki nimeziona, uso wa mwanangu sijauona miaka minne.

Omba likizo. Njoo usimame hapa dirishani kwenye mwanga, usiseme neno, nikutazame.

Mama yako